Punda Kwenye Foleni ya Mafuta

Kikundi cha Mashine ya Kusaga cha Akina Mama,
Endasak, Hanang.
4 Agosti

Kwa Mmiliki wa Kituo cha Mafuta,
Jorodom, Katesh.

YAH: KUTUUZIA MAFUTA KWA BEI YA KUTUUMIZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi tajwa. Tuko wanachama thelathini na wanne, wote akina mama, na tuna mashine moja ya dizeli na toyo moja ya magurudumu matatu inayobeba magunia na wagonjwa. Nimepiga namba iliyoandikwa kwenye ukuta wa kituo chako mara kumi na moja bila kupokelewa. Kwa hiyo naandika, maana barua haizimwi.

Tunajua mafuta ni shida nchi nzima. Redio tunasikiliza. Kaka yangu aliyeko Daudi, kule Mbulu, anasema watu wanashinda sheli tangu asubuhi na kurudi na madumu matupu. Lakini shida ya wote haikupi wewe ruhusa ya kutuchuna. Serikali imetangaza bei elekezi. Wewe, kwa maelezo ya kijana wetu Wolfgang anayetuletea mafuta kutoka kwako, unatuuzia dizeli kwa mara mbili na nusu ya bei hiyo, na petroli unasema huna kabisa.

Nikueleze matokeo yake. Kusaga debe moja sasa kunamshinda mjane. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na tano, amechukua jiwe la kusagia lililokuwa likizuia mlango wa zizi, akaliosha, anasagia watoto uji. Jumamosi iliyopita Getruda, mwanamke wa kitongoji chetu, alishikwa na uchungu. Toyo ilikuwa imesimama bila petroli. Bodaboda walitaka elfu arobaini kumshusha zahanati. Akashuka kwa miguu huku wifi zake wawili wamemshika, akajifungulia njiani, kwenye shamba la maharage. Mtoto ni mzima. Mama alipoteza damu nyingi na mpaka leo hajaweza kukaa.

Nataka majibu ya maandishi ndani ya siku saba. Nisipoyapata, nakala ya barua hii itakwenda wilayani, na sisi wenyewe tutaifuata nyuma.

Efrazia Akonaay
Katibu (Mwalimu mstaafu)


Katesh, 6 Agosti

Mwalimu Efrazia Akonaay,

Shikamoo. Umeandika kwamba wewe ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo ni mkubwa wangu, na mkubwa namsalimia hata akiwa ameniita mchunaji.

Barua yako nimeisoma kwa vipande, kati ya gari na gari. Simu uliyopiga nimeizima wiki ya pili sasa, kwa sababu watu mia kwa siku wanauliza swali moja. Ninayo nyingine, lakini namba yake anayo dereva wa gari la wagonjwa peke yake.

Sasa nijibu. Mafuta nauza kwa bei iliyobandikwa kwenye pampu, ile ya serikali. Sijaongeza hata shilingi moja tangu shida hii ianze. Pikipiki lita tano, gari lita ishirini. Kwenye madumu na mapipa siuzi, imekatazwa, isipokuwa kwa mwenye kibali. Na kibali nilichokiheshimu kuliko vyote ni chako wewe. Ninacho hapa mbele yangu, kina saini yako na mhuri wa mtendaji wa kijiji. Kinasema dizeli lita mia mbili kwa wiki kwa ajili ya mashine, na petroli lita arobaini kwa ajili ya toyo ya wagonjwa. Kila Jumatatu huyo Wolfgang anakuja na pipa moja na madumu mawili. Kila Jumatatu anaondoka yote yamejaa. Petroli sijamwambia hata siku moja kwamba sina.

Jumatatu hii watu wa kwenye foleni walipoona pipa linatoka walipiga kelele kwamba natorosha mafuta kwenda kuyaficha. Mmoja akarusha jiwe, kioo cha ofisi kikavunjika. Binti yangu Shamsia alikuwa ndani, akakatwa kidogo sikioni. Nilijiambia, basi angalau huko mlimani wanasaga.

Kwa hiyo swali lako nakurudishia, mwalimu. Kati ya sheli yangu na mlango wa mashine yako, mafuta yanaishia wapi?

Mama Lucia, muuza mayai aliyeniletea barua yako, nimempa tende na sukari. Ni za Getruda.

Saumu Abdulrahim
(mjane wa Zubery, mwenye sheli)


Endasak, 8 Agosti

Bi Saumu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Naomba uniamini kwamba nilipokuandikia sikujua.

Kibali chenye saini yangu nakifuta kuanzia leo. Usimpe mtu yeyote mafuta kwa jina la kikundi mpaka nikuandikie tena. Naomba pia usimpeleke kijana huyo polisi kwa sasa. Nipe siku chache. Zaidi ya hapo leo siwezi kuandika.

Pole sana kwa sikio la Shamsia. Getruda amekula tende, na jana alikaa kwa mara ya kwanza.

Efrazia Akonaay


Katesh, 11 Agosti

Mwalimu,

Shikamoo. Wolfgang alikuja jana kama kawaida yake. Nikamwambia kibali kimefutwa na aliyekiandika. Hakubisha. Aliuliza kitu kimoja tu, "Mama amesema nini?" Nikadhani anasema mama kama vijana wote wanavyomwita mwanamke mzima. Baadaye mama Lucia alipoleta mayai nikamwuliza, huyu kijana ni wa nani huko kwenu? Mama Lucia akaanza kuyahesabu upya mayai ambayo tulikwisha kuyahesabu.

Sikuuliza tena. Kama ni mtu wako wa karibu, mimi kwenda polisi sina haraka. Lakini ukweli nauhitaji mapema, na nitakwambia sababu.

Ijumaa alinitembelea bwana Agustino, yule mwenye sheli ya barabara ya Singida. Alikuwa hajakanyaga kwangu tangu mazishi ya mume wangu. Alikunywa chai akamaliza, akasema, "Mama Shamsia, tufunge wote siku kumi. Bei mpya iko njiani. Mafuta yaliyomo kwenye matangi yatazaa yenyewe kama sungura."

Nikamwambia, "Matangi yangu ni chuma, hayazai."

Akacheka. Alipofika mlangoni akasema, "Lakini watu wanaona pipa linatoka kwako kila Jumatatu. Sijui utawaeleza nini."

Hapo nikajua maneno ya kwenye foleni yanatoka kwa nani. Jumamosi akafunga sheli yake, akaandika ubaoni HAKUNA MAFUTA. Mwenye sheli ya tatu akamfuata Jumapili. Katesh nzima nimebaki mimi peke yangu, na watu wote waliokosa kwingine wananitazama mimi. Wakiniuliza lile pipa lilikwenda wapi, nitasema nini? Nikisema ni la mashine ya akina mama wa Endasak, watakwenda Endasak kuuliza, na huko wataambiwa kwamba mimi ndiye mchunaji.

Saumu


Endasak, 14 Agosti

Mpendwa Saumu,

Wolfgang ni mwanangu. Ni wa mwisho kati ya watano.

Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuileta hapa. Nilipokuomba siku chache, sikuwa nikitafuta ukweli. Ukweli niliupata pale pale nilipomaliza kusoma barua yako, maana mwezi uliopita mwanangu aliezeka nyumba yake kwa bati mpya na mimi, mama yake, nikasifu rangi bila kuuliza zimetoka wapi. Siku zile nilizitaka ili nitafute namna ya kuuficha. Nimeona aibu, Saumu, lakini bora uijue kutoka kwangu.

Nilimwuliza nikiwa napepeta maharage. Hakukana. Alisema, "Kila mtu anauza hivyo, mama. Nisipouza mimi atauza mwingine." Nikamwuliza, na petroli ya toyo? Akakiri kwamba aliwauzia bodaboda siku ya Ijumaa. Jumamosi ndiyo Getruda akashuka kwa miguu. Bodaboda waliomtajia elfu arobaini walikuwa wanatumia petroli ya kumbebea yeye mwenyewe.

Kwetu kuna desturi ya zamani kuliko mahakama. Akina mama wakikosewa, wanakutana uwanjani peke yao, na mwanamume haingii mpaka aitwe. Mara ya mwisho kuiona nilikuwa msichana, kule Daudi nilikozaliwa. Jana niliwaita mimi. Wakaja wote thelathini na watatu, na wengine juu yao wasio wanachama. Walikuja na hasira, wakijua wanakuja kukujadili wewe. Wengine walikuwa wameshapanga siku ya kuja kwako.

Nikawasomea barua yako neno kwa neno. Nilipofika kwenye jina la Wolfgang sauti haikukatika. Miaka thelathini na sita ya kuwasomea watoto ilinibeba. Kisha nikasema, kijana ni wangu na saini ni yangu.

Halafu Getruda, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na mtoto mapajani, akasema, "Aitwe."

Akaja. Akasimama mbele yao, kofia mkononi. Getruda hakumtukana. Alimfunua mtoto uso akamwuliza, "Wolfgang, ile petroli uliyoiuza Ijumaa, ulipata shilingi ngapi?" Mwanangu alilia, na mimi sikumfuata.

Wakatoa hukumu. Kila alichotuzidishia atarudisha, hata kama ni kwa kuvua zile bati. Atatoa dume moja la ng'ombe kwa kikundi. Toyo haishiki tena. Na mpaka mavuno yaishe, mafuta ya mashine atayafuata Katesh kwa punda, kwa miguu, bila malipo. Mimi nikajiuzulu ukatibu. Wakakataa. Walisema nitajiuzulu nikishamaliza kurekebisha.

Hiki hapa kibali kipya, chenye majina ya wanachama wote. Ukituuzia tena, tutashukuru. Ukikataa, hatutakulaumu.

Efrazia


Katesh, 16 Agosti

Mwalimu,

Shikamoo. Naandika mama Lucia akiwa amesimama mlangoni.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimewahi kuzika mume, na nimewahi kusimama mbele ya watu wenye mawe. Kumsimamisha mwanangu mbele ya watu sijawahi, na sijui kama ningeweza. Kibali kipya nimekipokea.

Sasa habari zangu. Kampuni inayoniletea mafuta imesema gari halitakuja Katesh, madereva wanaogopa fujo. Anayetaka mzigo aende mwenyewe Singida, angoje zamu yake, arudi amepanda humo humo garini. Naondoka mchana huu. Inaweza kuwa siku tatu, inaweza kuwa sita.

Kwenye tangi kumebaki mafuta kidogo ambayo siuzi. Ni ya gari la wagonjwa, na pipa moja ni la mashine yenu. Pampu nimezifunga kwa kufuli. Ufunguo anao Shamsia, na ile simu ya gari la wagonjwa nimemwachia yeye pia, kwa hiyo mimi nakwenda bila simu. Ana miaka kumi na tisa. Nimemwambia akiona watu wanazidi aondoke, aache kila kitu. Amesema ndiyo, lakini alivyosema namjua haondoki.

Najua itakavyoonekana. Sheli imefungwa, mwenyewe amekimbia, na tangini mafuta yamo. Mimi mwenyewe ningekuwa kwenye foleni ningeamini mabaya.

Sikuombi kitu. Nakujulisha tu. Ukiandika, mpe konda wa basi la Singida, aache dukani kwa shemeji yangu jirani na stendi.

Saumu


Katesh, 19 Agosti

Kwa Bi Saumu Abdulrahim, Singida.

Mpendwa Saumu,

Naandika kwenye meza yako, kwa kalamu yako. Shamsia ni mzima. Sheli ni nzima. Nimetanguliza hayo ili usome mengine umekaa.

Umeandika kwamba huombi kitu. Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, na mtoto anayeomba huku ameweka mikono mfukoni namfahamu. Jumatatu alfajiri tukateremka. Wanawake ishirini na saba, punda kumi na tisa, na Wolfgang mbele akiwaswaga. Tulifika Katesh saa tano. Shamsia alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ofisi na simu mapajani. Nikamwambia mimi ni nani. Akasimama akasema, "Shikamoo bibi. Mama aliniambia nisiwategemee." Nikamwambia mama yako ni mtu mwangalifu.

Tukawafunga punda kando ya mtaro, tukatandika khanga kuzunguka pampu, tukakaa. Siku hiyo watu walipita wakatucheka.

Jana, saa nne asubuhi, wakaja. Mwanzoni hamsini, baadaye sikuweza kuhesabu. Wengi wenye pikipiki, wengine wakulima tu waliochoka. Kulikuwa na mawe. Kijana mmoja mwenye helmeti ya njano alikuwa na nondo ya kuvunjia kufuli. Akasema, "Mama zangu, tupisheni. Mafuta yamo na mwenyewe ametoroka. Tukae njaa mpaka lini?"

Nikasimama. Nikawaambia umekwenda kutafuta mafuta, si kuyaficha, na kilichobaki ni cha wagonjwa. Walinisikiliza kidogo, maana wachache wao niliwafundisha kusoma. Lakini sauti ikatoka nyuma, "Na pipa la kila Jumatatu? Tumeliona kwa macho yetu. Lilikuwa linafichwa wapi?"

Saumu, nilifungua mdomo nijibu. Wolfgang akanitangulia. Alipanda juu ya ile zege ya pampu, watu wote wakamwona.

Akasema, "Lile pipa nilikuwa nalo mimi. Huyu mama aliniuzia kwa bei ya serikali, kwa barua ya mashine ya kusaga. Mimi nikawauzia mama zangu hawa mara mbili na nusu. Petroli ya toyo ya wagonjwa niliwauzia wenye pikipiki. Wengine mko hapa mnanijua. Mwenye jiwe anipige mimi. Hapa mwizi hayupo, mwizi alikuwa anakuja na kuondoka."

Mtu mmoja akamfikia akampiga kofi, halafu la pili. Mwanangu aliacha mikono chini. Mimi sikusogea, ingawa miguu yangu ilitaka kwenda. Mwenye helmeti ya njano akainama akaitazama nondo yake. Kisha akamshika yule mpigaji mkono akasema, "Basi. Mimi nilinunua kwake, nikampandishia nauli abiria wangu. Nikimpiga huyu itabidi na mimi nipigwe."

Hapo simu ikalia mapajani kwa Shamsia. Gari la wagonjwa liko njiani, lina mama wa kupelekwa hospitali kubwa, na tangi limekauka. Shamsia akasimama na ufunguo mkononi, akautazama umati. Alitembea katikati yao, nao wakampisha mmoja baada ya mwingine mpaka akafika kwenye pampu. Gari lilipoingia, yule mwenye nondo ndiye aliyeliongoza kurudi nyuma. Shamsia akafungua, akajaza, akafunga tena kufuli mbele ya macho yao. Watu wote wale, na hakuna aliyeomba hata tone.

Gari lilipoondoka, wakaweka mawe chini. Mwenye helmeti akauliza, "Sasa bibi, tunapangaje?" Nikawapanga. Foleni sasa inafika mpaka kwa fundi cherehani. Kila mtu ameacha pikipiki yake mahali pake na kwenda kwenye shughuli zake, na punda wetu wako kwenye mstari kama chombo kingine chochote. Kila watu kumi wana mlinzi wao.

Mimi magoti yamenishinda, leo narudi mlimani na mama Lucia. Wengine wanabaki kwa zamu mpaka uje. Njoo na mafuta, Saumu. Watu wanakungoja vizuri.

Efrazia

Humu ndani nimeweka barua ya Wolfgang. Sijaisoma.


Katesh, 19 Agosti

Kwa mama Shamsia,

Shikamoo mama. Mimi ni Wolfgang. Nimeanza barua hii nikitaka kuandika sababu, nimeona sababu sina. Nilikuta watu wanauza bei juu nikaona na mimi ni mjanja. Ulikuwa unanipa mafuta mbele ya watu wote waliokaa juani, na siku ile kioo kilipovunjwa mimi nilikuwa hapo kwenye toyo, nikawasha nikaondoka. Hilo ndilo linanisumbua kuliko yote.

Kioo kipya nimeweka jana. Siyo cha rangi kama kile cha zamani, hakikupatikana. Sikio la Shamsia nimemwomba msamaha mwenyewe, amesema atafikiria.

Naomba radhi mama.

Wolfgang Akonaay


Katesh, 27 Agosti

Dada yangu Efrazia,

Shikamoo. Nimeandika dada, ukiona nimevuka mpaka unirudishe kwenye mwalimu.

Barua zenu nilizipata Singida nikiwa nimekaa juu ya begi langu siku ya nne, mbele yangu kuna magari sita. Nilisoma, nikakunja, nikamfuata msimamizi wa mzigo. Nikamwonyesha ulipoandika juu ya gari la wagonjwa. Mzee yule alisoma polepole, akavua miwani, akaenda kuzungumza na wale sita. Sijui aliwaambia nini. Walinipisha.

Tuliingia Katesh Ijumaa saa nane mchana. Mimi nilikaa mbele na dereva, ambaye njia nzima alikuwa akiniuliza kama nina hakika hatutapigwa mawe. Tulipofika karibu akapunguza mwendo. "Mama," akasema, "wale punda wanangoja nini?" Nikamwambia wanangoja dizeli, kama watu wengine. Watu walisimama pande zote mbili za barabara, hakuna aliyesukuma. Halafu wanawake wako walipiga vigelegele, na wenye pikipiki wakajibu kwa honi, mpaka yule dereva akafuta macho akisingizia vumbi. Shamsia alinikabidhi ufunguo mbele ya wote. Nikamrudishia. Sasa ni wake, mimi nitaomba nikiuhitaji.

Tuliuza mpaka Jumapili kwa bei iliyobandikwa. Jumatatu wakaguzi wakafika, maana watu waliokaa kwenye foleni siku nne wamepata muda wa kuzungumza, na wameandika majina yao kwenye malalamiko, ukurasa baada ya ukurasa. Kwa bwana Agustino walikuta ubao unasema hakuna mafuta, na tangi limejaa mpaka shingoni. Wakafunga pampu zake kwa lakiri. Yule wa tatu hakungoja kufikiwa, alifungua mchana ule ule na kushusha bei mwenyewe, na jana tangi lake likakauka. Wenye madumu ya petroli barabarani sasa wanatangaza chini ya bei elekezi, wala hakuna anayesimama.

Jana asubuhi Getruda alipita hapa na toyo, anakwenda kliniki na mtoto. Alishuka akaniletea unga wa mashine yenu, bado una moto. Ametembea mwenyewe mpaka mlangoni. Mtoto amenishika kidole na ana nguvu za kushangaza. Nikamwuliza kama amemsamehe Wolfgang. Akasema bado, lakini kila akimwona anarudi na punda jioni anamwachia uji.

Wolfgang mwenyewe nimemjibu kwa mdomo. Nimemwambia kioo kisicho cha rangi ni kizuri, sasa naona barabara yote.

Na sasa nikueleze ya leo, halafu nifunge, maana Shamsia ananiita.

Saa tatu lori la bwana Agustino lilizimika karibu na soko, limejaa mahindi, dizeli imekwisha. Mafuta yake mwenyewe yamefungiwa, hawezi kuchota hata kikombe. Akamtuma dereva wake na dumu. Nikamwuliza dereva kibali. Hana. Nusu saa baadaye akaja mwenyewe, na lori limevutwa na trekta nyuma yake. Suti, viatu vya ngozi. Akapita foleni yote akaja mpaka kwenye pampu.

"Mama Shamsia," akasema kwa sauti ya chini, "sisi ni wenzako kwenye biashara."

"Ni kweli, bwana Agustino. Karibu."

"Basi unisaidie haraka. Mahindi yale yana mnunuzi."

Mwenye helmeti ya njano alizima pikipiki yake ili asikie vizuri.

Nikamwambia, "Hapa kila mtu ana mahindi yake. Panga foleni, nitakuhudumia."

"Nyuma ya nani?"

Nikamwonyesha. Mwishoni kabisa, Wolfgang alikuwa amefika wakati ule ule na punda saba wa mashine yenu. Bwana Agustino aliwatazama punda, akanitazama mimi, akaitazama barabara kama vile kuna sheli nyingine itakayotokea. Kisha akavuta suruali yake juu kidogo kwa ajili ya vumbi, akaenda akasimama nyuma yao.

Alisimama saa mbili na nusu. Zamu yake ilipofika, Shamsia alimpa lita ishirini, kama gari lolote, kwa bei iliyobandikwa.

Wako,
Saumu